Pilau ya Kisomo

Majuzi, safarini Samarkand, mhudumu wa mgahawa aliniletea pilau ya Kiuzbeki, yenye karoti na nyama ya kondoo. Nakiri, sikuweza kuila. Harufu ya bizari nyembamba ilinirudisha kijijini kwetu Mitole, alasiri ile shangazi aliponiambia, "Leo kisomo cha baba yako."

Baba alikuwa ameenda Dar kusomea udereva, nami nikadhani amefaulu. Sikujua kwamba amefia huko, na kwamba wageni wamekuja kumsomea Kurani. Nilizunguka majamvini nikiwapa watu hongera.

"Huyu mtoto ana nini?" jirani aliuliza.

"Mwacheni ale," shangazi alisema.

Nilikula sahani mbili, kisha nikamwambia mama, "Mbakizie baba minofu."

Mama akapakua sahani, akaifunika kawa.