Makaa Yasiyo na Moshi

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachwa huru na bati na saruji vilipoanza kupatikana Sumbawanga mjini, nasi tulihama nyumba ya nyasi tukaingia ya bati. Upepo wa Juni ulipita kati ya ukuta na bati, nikaziba kote kwa udongo na magunia. Nilijiona fundi.

Mwezi huohuo mke wangu akajifungua. Kwetu mzazi hukaa ndani na moto, yeye na kichanga chake, mpaka apate nguvu. Mama yangu akaja kumhudumia. Aliwasha mkaa nje, akangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo akaingiza jiko na kufunga mlango. Kwa haki niseme hakuwa mzembe. Moshi aliuogopa kuliko sisi sote.

Jumapili, baada ya misa, bwana afya alipewa nafasi aseme na watu. Akasema mkaa hata usipotoa moshi unatoa hewa ya sumu. Haionekani, hainuki, na chumba kikizibwa inaua watu wamelala.

"Mbona bibi zetu walilala na moto na sisi tukazaliwa?" mwanamke mmoja akamrushia.

"Bibi yako alilala kwenye nyasi, mama. Nyasi zinapitisha hewa. Wewe umejifungia kwenye debe!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mara kicheko kikanikauka. Asubuhi ile mke wangu alilalamika kichwa kinamgonga, na mama alisema ni homa ya uzazi tu.

Nikaondoka bila kuaga mtu. Nyumbani nilimkuta mama uani anapika uji, mlango wa chumba umefungwa; akaingia nyuma yangu. Mke wangu alikuwa ametapika, anaongea kama mlevi. Mtoto amelegea, ziwa hataki.

"Mama, tuwatoe nje."

"Kwenye baridi hii? Unataka kumuua mjukuu wangu?"

Hapo nilisita. Yeye amelea wengi, mimi nimeishia darasa la saba, na ni kweli baridi huua kichanga. Labda bwana afya alikosea, labda mimi sikumwelewa. Lakini nilimfunga mtoto blanketi, nikamweka kifuani mwa mama.

"Basi mpe joto lako wewe, mama. Mkae juani."

Alininunia, ila alitoka. Nikamshika mke wangu, tukakaa upande wa ukuta usio na upepo. Kisha nikatoa jiko na kuyang'oa magunia yangu yote.

Mpaka leo siwezi kuapa kuwa lilikuwa jiko. Homa nayo ilikuwepo mtaani. Muuguzi wa zahanati, tulipofika baadaye, yeye hakusita: alisema ni jiko, na tumewahi kuwatoa.

Ninachokumbuka zaidi ni pale ukutani. Mke wangu aliomba maji, akayanywa, akasema kichwa kinapungua. Mtoto akajikunja, akalia kwa hasira, akatafuta ziwa. Machozi yalinitoka.

"Haya, ananyonya," mama akasema. "Sogea basi, unamzibia jua."