Lorna Anadai Kiti cha Nyuma

Lorna Hutchens aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja. Alipostaafu aliomba zawadi moja tu: apelekwe Galena, ule mji wa kale, akiwa ameketi kiti cha nyuma kama abiria. Mwanawe Curtis aliahidi kuendesha. Asubuhi ya safari akamrushia mama yake funguo.

"Mama, nimechoka kweli. Halafu wewe ndiye dereva."

Lorna, aliyechoka kuliko wote, akazipokea. Mzazi asiyechoka hayupo. Yupo tu mtoto asiyeuliza.

Njiani barabara ilikatisha reli. Lorna alisimamisha gari, akazima redio, akashusha kioo, akasikiliza. Magari ya nyuma yakapiga honi.

"Bibi, hili si basi!" mjukuu wake Tessa akacheka. "Au unataka kutuhesabu?"

"Mama, twende basi, hakuna treni," Curtis alisema, macho kwenye simu.

Kusimama na kusikiliza ndivyo sheria inavyomtaka dereva wa basi la shule afanye kila afikapo relini. Lorna akaitazama mikono yake juu ya usukani, akatambua kwamba bado yuko kazini. Alivuka reli, akaegesha kando, akaenda kufungua mlango wa Curtis.

"Shuka, mwanangu. Uliniahidi."

"Lakini mama..."

"Watoto wa watu nimewafikisha. Leo nifikishwe mimi."

Curtis akashika usukani, Lorna akaketi nyuma kando ya Tessa. Walipoingia Galena, Lorna alikuwa amelala begani kwa Tessa, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.