Andika Kwamba Sioni

Watu wakisikia nimefanya kazi ya chuo kikuu miaka mingi wanacheka, maana wanajua niliacha shule darasa la pili, ng'ombe wa baba walipokosa mchungaji. Wacheke. Kazi yangu ya chuo kikuu ilikuwa kutoona, na niliifanya vizuri kuliko wengi wanaolipwa kwa kuona.

Kabla ya hapo nilikuwa mpasua mbao milimani Mufindi, nchi ya ukungu, enzi ambazo kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilikuwa bado maneno ya mikutanoni. Kupasua kwa mkono ni kazi ya watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo na kupigwa mstari kwa uzi uliopakwa weusi wa betri kuukuu. Mmoja anasimama juu ya gogo na kuongoza msumeno ufuate mstari. Mwingine yuko shimoni anavuta, na unga wote wa mbao unamwishia yeye machoni. Mimi nilikuwa wa juu. Mwenzangu wa chini alikuwa Mbena mfupi, mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri, mtu asiyeongea mpaka awe na jambo. Msumeno ulikuwa wake, wa kurithi kwa baba yake, na aliupaka mafuta kuliko alivyojipaka mwenyewe.

Siku moja tawi likanidondokea kisogoni. Nililala hospitali siku ambazo sikuzihesabu. Nilipoamka nilitembea, niliongea, nilikula, lakini upande wa kushoto haukuwepo. Sisemi ulikuwa giza. Giza mtu analiona. Huu haukuwepo tu, kama wewe sasa hivi usivyoona kilicho nyuma yako na wala husumbuki nacho. Nikawa najigonga kwenye miimo ya milango, bega lile lile kila siku. Nikamlalamikia mke wangu kwamba ananipunja ugali. Akaigeuza sahani mbele yangu, na ugali ukatokea. Mama mkwe wangu, na niseme ukweli hata kabla ya tawi tulikuwa hatupatani sana, alisimama pembeni ya njia akingoja nimwamkie kama mkwe anavyopaswa. Nikampita kama nguzo. Mpaka anaingia kaburini hakunisamehe, na mimi nimechoka kumweleza.

Hospitalini walikuwa wamenifunika jicho moja, kisha la pili, wakanionyesha alama zenye miguu mitatu niseme miguu inaelekea wapi. Nikazipata zote. Wakaandika: macho mazima. Nyapara wetu akaishika karatasi ile kama hirizi.

"Macho mazima! Mtu kachoka kazi, anatafuta pa kujificha."

Asubuhi moja, mbele ya kambi nzima, akanirushia mpini wa shoka kutoka kushoto. Nikainama. Ukapita.

"Umekwepa nini, bwana, kama huoni?"

Watu wakapiga kelele za kucheka. Kweli nilikwepa, na kweli sikujua kama kuna kitu kimerushwa mpaka niliposikia kikigonga mti. Nikatolewa juu ya gogo siku hiyo hiyo. Nyapara akasema mkutano wa kambi utaamua: nikionekana najifanya, nafukuzwa, na mashimo yote ya jirani yataambiwa mimi ni mtu wa namna gani. Kufukuzwa ningevumilia. Kuitwa mwongo sikuweza, na mpaka leo siwezi.

Nikasikia hospitali ya Mbeya kuna daktari anayepima watu walioumia kichwa. Nikadandia lori la viazi, likaniacha Uyole, nikamalizia kwa miguu. Nikakuta daktari mwenyewe ni binti wa Tukuyu, mwalimu wa chuo kikuu, anaandika kitabu chake cha jinsi ubongo unavyoona.

"Shikamoo, daktari."

"Usiniamkie, kaka. Wewe ni mkubwa kwangu."

"Nyinyi wa Tukuyu mnaokula ndizi mnakua haraka, nitajuaje?"

Akacheka, tukaelewana. Chumba chake alikitia giza kwa kutundika mablanketi madirishani. Alikuwa na chuma kilichopindwa kama rimu ya baiskeli iliyokatwa nusu. Unaweka kidevu mahali pake, unakodolea nukta nyeupe, yeye anapitisha kitaa kidogo kando ya chuma, nawe unasema "naona" kinapotokea. Kila jibu alilitia alama kwa penseli. Baada ya siku mbili akanipa karatasi: duara, nusu nyeupe, nusu nyeusi.

"Macho yako ni mazima kweli," akasema. "Kilichoumia ni huku." Akanigusa kisogo. "Macho yanaleta, huku ndiko kunakopokea."

Siku hizi nasikia kuna mashine inakumeza mzima na kupiga picha ya ubongo wako. Sawa. Wangu ulichorwa kwa penseli, na ile nusu nyeusi ilikuwa ndiyo hasa niliyokuwa nikigonga milango nayo. Nikalia. Nilikuwa na shahidi.

Ningeondoka siku ile mambo yangekuwa rahisi. Lakini nilikuwa nimemsimulia habari ya mpini, nayo ilimkosesha raha. Kesho yake akaweka kitaa upande wangu usiokuwepo. "Nikigonga meza, onyesha kwa kidole kimewaka wapi."

"Sioni."

"Najua huoni. Bahatisha."

"Daktari, nimeitwa mwongo tangu shimoni mpaka kwa mama mkwe. Sasa unataka nionyeshe kitu nisichokiona, niwe mwongo wa kweli?"

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka njaa ikanirudisha na sharti langu: kila mara nitasema "sioni" kwanza, ndipo nionyeshe, naye aandike vyote viwili. Akakubali. Tukafanya hivyo siku nzima. Sioni, kidole. Sioni, kidole. Nilijiona mpumbavu.

Alipojumlisha, akahesabu upya. Kidole kilikuwa kimepatia karibu kila mara. "Mkono wako unajua kitu ambacho wewe mwenyewe hukijui," akasema.

"Umenimaliza," nikamwambia.

Naye alilijua hilo, maana ndiye angeiandikia kambi barua. Akasema taratibu, "Naweza kuwaandikia habari ya duara peke yake. Hii nyingine ibaki ya kitabu changu."

Niliifikiria, sitakudanganya. Niliifikiria usiku mzima kwenye benchi la wagonjwa. Lakini nikificha nusu, nyapara atakuwa amesema kweli.

"Andika vyote," nikamwambia. "Na andika kwamba sioni."

Basi mkutano ukakaa. Katibu akasoma barua, watu wakatikisa vichwa kwa huruma mpaka alipofika kwenye kidole. Nyapara akaruka. "Rudia hapo! Kilionyesha sawasawa?" Kicheko kikarudi. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akanisogezea karatasi.

"Ndugu, tusipotezeane muda. Kiri mbele ya wenzako kwamba ulikuwa unaona. Weka dole gumba hapa, kesho panda juu ya gogo."

Gogo langu lilikuwa pale, hatua kumi. Nikasema, "Kidole kilionyesha, sikatai. Kilijuaje, muulizeni chenyewe. Mimi sikuona. Dole gumba siweki."

"Basi huna kazi," akasema mwenyekiti.

Hapo yule Mbena akasimama. Akaenda stoo, akatoka na msumeno begani. Nyapara akamzuia mlangoni.

"Msumeno ni wa baba yangu," akasema. "Nyinyi mnamwangalia usoni. Mimi nimekaa chini yake miaka minne. Gogo likiteleza linanifukia mimi, wala si nyinyi. Nitakaa chini yake tena."

Tukaondoka. Miaka ile watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vipya, kila nyumba inataka mlango, nasi tukachimba mashimo yetu kijiji kwa kijiji. Nilijifunza kugeuza kichwa kama jogoo ili mstari ukae upande wangu uliopo. Mbao zetu hazikuwahi kupinda. Nyapara hakuomba radhi, wala sikuingoja.

Daktari alinifuata kila kiangazi na chuma chake, akinipima gizani, mablanketi yetu wenyewe yametundikwa madirishani. Ndiyo kazi yangu ya chuo kikuu hiyo. Katikati ya hayo nikaingia elimu ya watu wazima, nikajifunza kusoma kwa kuunga herufi moja moja. Kiangazi cha mwisho akaniletea kitabu chake. Kilikuwa Kiingereza kitupu, jina langu halimo, nami nikafunua ukurasa baada ya ukurasa bila kuokota hata neno, mpaka nikafika penye jedwali refu la alama za kidole. Pembeni ya kila alama, kutoka juu hadi chini, lilikuwa limepigwa chapa neno moja la Kiswahili. Nikalisoma kwa sauti, moja moja, na mwenzangu akaacha kunoa msumeno akanisikiliza mpaka nikamaliza ukurasa.

Sioni. Sioni. Sioni.