Vifuu vya Nazi vya Xiaobei

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na makosa ya tahajia. Niliishia darasa la saba. Ninapika katika mgahawa wa shangazi, hapa Xiaobei, Guangzhou. Siku moja msimamizi wa jengo alikuta vifuu vya nazi kwenye pipa la mabaki ya chakula. Vifuu haviozi upesi, vina pipa lake. Akatuonya kwamba tukirudia atatufungia.

"Bubu wangu, waeleze wapishi wenzako," shangazi alisema, "au turudi Tanga?"

Kusema naona haya, nikachora. Kila pipa likapata picha ya taka zake. Hatukukosea tena. Msimamizi alipoziona picha, aliniomba nichore mapipa ya jengo zima. Siku hizi nikipita pale natembea kifua mbele.

Huko kwenu vifuu mnavitupa wapi? Niandikieni.