Pipa la Maji Tuliloliacha Dabaso

Ipo siku moja, mwanangu Rehema, haijanitoka kichwani mpaka leo. Asubuhi hii umenirudishia yote uliposimama hapa uani umeshika kiuno, ukilitazama pikapu lako na karavani lililofungwa nyuma yake, ukasema, "Baba, gari hili lanywa dizeli kama lililofunga Ramadhani." Nikacheka, nawe ukaudhika kidogo, nilikuona. Sikukucheka wewe, mama. Nilimcheka kijana mmoja aliyelalamika hivyo hivyo zamani, na kijana huyo ni mimi.

Kaa kidogo. Wanao bado wanakunywa chai, na Kuruwitu mwendako haiendi popote.

Wakati ule nilikuwa dereva wa Mtaliano mmoja hapa Malindi. Alipoamua kurudi kwao moja kwa moja, aliniachia pikapu lililochoka na karavani, ile nyumba ya magurudumu aliyokuwa akilala ndani yake kila akienda kutembea. Lilikuwa na kitanda, kabati, na dirisha lenye pazia la maua. Watu wa mtaa wakilicheka, wakiliita banda la kuku. Mimi nikiona nimepewa kasri.

Mama yako alikuwa na mimba yako, na wajua desturi yetu, mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungulia kwao. Kwao ni Kuruwitu. Lakini nyumba ya wazazi wake ilikuwa ndogo na imejaa watu, na mimi niliona vibaya mke wangu akae arubaini yake nyuma ya pazia, kila apitaye amchungulie. Nikasema nitamvutia karavani hadi uani kwa mamake, liwe chumba chake na cha mtoto. Usinione hivi, mwanangu, nilikuwa na mapenzi mimi!

Sasa, wiki ile dizeli ilipotea pwani nzima. Vituo vya mafuta vilifungwa kamba, na wenye magari wakawa waenda kwa miguu kama sisi wengine tulivyozoea. Nilichokuwa nacho ni kile kilichokuwemo ndani ya tangi, nusu na kidogo. Na mkunga alikuwa ameshaniita pembeni akaniambia waziwazi kwamba miguu ya mama yako inavimba vibaya, uchungu ukianza nisikae naye nyumbani hata kidogo, nimkimbize hospitali Kilifi. Utaniuliza kwa nini tusingebaki hapa hapa Malindi. Kamuulize mama yako. Alimtaka mamake, na mwanamke mja mzito akimtaka mamake, nani wa kumzuia? Basi hesabu yangu ilikuwa moja tu: dizeli ile itufikishe Kuruwitu, na ibaki ya kumrudisha Kilifi siku ikifika. Gari jingine la kutegemea huko halikuwepo.

Haya. Siku ya safari nilitaka kutoka alfajiri. Nani akuache! Shangazi zangu walikuja wote. Mmoja kaja na magunia ya nazi, mwingine na kinu na mchi, mwingine na magodoro. Shangazi Mwanahamisi, yule mkubwa, akaingia ndani ya karavani, akatoka ajipepea kwa mtandio, akasema, "Lahaula! Humu ndani ni tanuri. Mtoto ataiva." Akaagiza makuti yafungwe juu ya paa, mafungu kwa mafungu, tukifika tuyaezeke kivuli. Kisha akaja mama yangu, bibi yako, Mungu amrehemu. Yeye alileta pipa zima la maji ya kisima chake, kwa sababu maji ya Kuruwitu aliyasikia yana chumvi, na mjukuu wake hataogeshwa maji ya chumvi, hilo alikwisha kuapa. Vijana wakalisukuma mpaka ndani ya karavani, wakaliegemeza nyuma kabisa.

Mimi nikasimama nachekacheka tu. Kila kitu pale kilikuwa kimeletwa kwa moyo. Ukikataa nazi ya shangazi umemkataa shangazi, ndivyo nilivyoamini. Tukatoka jua limeshapanda, watu watupungia mikono, karavani limevimba juu kama mwanamke aliyejitwika kuni.

Kwenye pikapu tulikuwa watatu. Mimi, mama yako, na ami yangu Faraji, ndugu mkubwa wa marehemu baba yangu, aliyekuja kama mzee wa kumkabidhi mke kwa wazazi wake. Ami Faraji alikuwa ameendesha malori ya chumvi kule Ngomeni mpaka nywele zikawa rangi moja na mzigo. Mtu wa maneno machache, mwenye kashata mfukoni siku zote. Alimpa mama yako kipande, akafumba macho.

Nami nikakanyaga mafuta. Nilitaka kufidia saa nilizopoteza, unaona. Tulipofika Gede nikatupa jicho kwenye mshale wa mafuta, moyo ukanipasuka. Mshale ulikuwa umeshuka kana kwamba tumeshafika Kilifi. Nikazidi kukanyaga, eti nifike kabla dizeli haijaisha! Huo ndio ujinga wa hofu, mwanangu. Gari likaunguruma, karavani likawa latikisa mkia huku na huku, na mama yako akashika tumbo kwa mikono miwili.

Ami akafumbua macho. "Toa mkono nje," akaniambia.

"Ami, naendesha."

"Toa mkono nje, mwanangu. Kiganja ukikabilishe mbele."

Nikatoa. Upepo ukanisukumia mkono nyuma, karibu univunje kiwiko. Ulikuwa mwezi wa kusi, nasi tunaelekea kusini, tunauingia upepo uso kwa uso.

"Hicho ni kiganja," akasema Ami. "Juu ya paa umebeba ukuta wa makuti. Dizeli yako yote yapigana na makuti ya Mwanahamisi. Punguza mwendo, ukifika Dabaso simama kwa Bi Kadzo."

Bi Kadzo alikuwa mjane wa rafiki yake wa malori, akiuza samaki wa kukaanga kando ya njia. Tuliposimama akaja mbio, shikamoo na marahaba, akamkalisha mama yako kivulini na kikombe cha maji ya madafu. Ami akalizunguka karavani polepole, mikono nyuma, kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaupiga teke kila mpira. Akaweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu moja, akakiondoa haraka, maana palikuwa moto. Breki yake ilikuwa imeshika, haijiachi sawasawa. Akailegeza. Kisha akatoa pampu ya mguu chini ya kiti, kumbe aliipakia mwenyewe, akanikabidhi. "Mipira yako imelala. Gari lenye mipira laini ni kama mtu anayekimbia mchangani. Pampu."

Nikapampu mpaka jasho likanitiririka. Nilipoinua uso nikakuta makuti yako chini, nazi ziko chini, na Ami ameingia ndani ya karavani ameshika pipa la mama yangu, ataka kulimwaga.

Ebo! Nikaruka. "Hilo usiliguse, Ami. Hilo ni la Mama."

"Najua ni la nani."

"Nikilimwaga nitamtazama vipi? Atasema nimemdharau. Atasema mke wangu ndiye aliyekataa maji yake." Wallahi, mwanangu! Nilikuwa mtu mzima wa kuitwa baba, nikalia mbele ya kikaango cha samaki. Nilimwogopa mama yangu asivunjike moyo, na nilimwogopea mama yako, na sikujua nimkose nani.

Ami Faraji akashuka. Hakunifokea. Nilitamani anifokee, ingekuwa nafuu. Alinishika bega akanigeuza nimtazame mama yako pale kivulini, amevua viatu kwa sababu vimembana, miguu imejaa.

"Mzigo wako ni ule pale," akasema. "Mwengine wote ni zawadi. Mapenzi ya mamako siwezi kuyashusha hata nikitaka, yamo ndani yako utafika nayo. Mimi nashusha pipa. Na lawama nibebeshe mimi, mimi ni mzee, mgongo wangu umezoea magunia." Kisha akaongeza, taratibu, "Lakini mwanamume asiyeweza kumwambia mamake asante, hiki hakipandi, bado hajaanza kuendesha gari. Yuwaendeshwa."

Maneno hayo yaliniingia. Nikalishika pipa mwenyewe. Bi Kadzo akaleta ndoo na mitungi yake yote tukamjazia, asije mtu akasema maji ya Mama yalimwagwa mchangani. Kinu tukakihamisha mbele, juu ya magurudumu, uzito usivute mkia. Vilivyobaki tukaviacha kwake.

Ami akasema tusubiri jua lipoe na kusi lilegee. Tukala samaki, mama yako akalala usingizi kidogo. Tulipoondoka nikaendesha alivyonielekeza, mwendo wa bwana harusi, alisema, asiyetaka kukunja kanzu. Nikiona mteremko mbele natoa mguu mapema, gari lishuke lenyewe likiwa ndani ya gia. Nikiona mlima, sikimbilii, naupanda pole. Wenye haraka wakatupita wakitupigia honi, na Ami akawapungia mkono kwa adabu mmoja mmoja. Daraja la Kilifi tukalivuka upepo umetulia. Mshale ule, mwanangu, ulikuwa kama umegandishwa. Mama yako akaanza kuimba. Hakuwa ameimba tangu mimba iingie mwezi wa mwisho.

Tulifika Kuruwitu giza likiingia, na tangi lina akiba, ndogo lakini ipo. Hapo Ami alifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka macho hunilowa. Alilifungua karavani kutoka nyuma ya pikapu, akaligeuza pikapu likatazama barabarani, akaingia ndani akalala kwenye kiti. Godoro alitandikiwa, akalikataa. Watu walikuja kumwomba dizeli, wapate japo kichupa, hata baba mkwe wangu alikuja. Ami aliwajibu wote kwa upole ule ule: "Hii ina mwenyewe, bado hajazaliwa." Akalala humo kila siku mpaka uchungu ulipomshika mama yako, alfajiri moja, ghafla na kwa nguvu. Hatukutafuta ufunguo wala dereva. Injini ilikuwa inaunguruma kabla sijafunga shuka kiunoni.

Ukazaliwa Kilifi, mwanangu, punde tu baada ya kufika. Daktari akaniambia tumewahi. Hakusema zaidi, nami sikumuuliza zaidi. Mpaka leo sitaki kujua zaidi.

Lakini mimi bado nilikuwa na kesi yangu. Mama alipokuja kukuona, nilimpokea mlangoni nikamweleza yote kabla hajakaa, pipa, Dabaso, Bi Kadzo, na sikumtupia Ami lawama yoyote. Nilisema mkono uliolishusha ni wangu. Mama akavua viatu. Akaingia, akakuchukua, akakufunua uso, akakutazama mpaka nikadhani amenisahau. Kisha akasema bila kunigeukia, "Maji nitachota mengine. Huyu ningemchota kisima gani?"

Basi ndio hivyo. Waniuliza kwa nini gari lako lanywa. Ukishakwenda kidogo simama, ukaguse magurudumu ya karavani, lolote lililo moto zaidi ya wenzake lina neno. Tia upepo mipira, ya pikapu na ya karavani, kabla haijapata joto la njia. Mwaga tangi la maji la karavani, maji utayapata mbele, siku hizi Kuruwitu yapo. Kizito kiweke karibu na magurudumu, chepesi nyuma. Juu ya paa usiweke kitu, hata mkeka. Toka mapema kusi likiwa halijaamka, na usishindane na mtu yeyote barabarani. Na mafuta, mwanangu, usiyahesabie safari uliyoipanga tu. Bakisha ya safari usiyoijua.

Hayo ni ya gari. La moyo ni hili moja: watu watakupakilia, kwa sababu wakupenda. Washukuru, wabusu mikono, kisha uangalie mzigo wako hasa ni upi, ndio uondoke nao.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, akufikishe wewe na wanao salama. Akupe mlango wa kubisha kila utakapochoka, na tangi lisikuishie kabla hujafika unapohitajika. Amin.

Haya, nenda. Ila kabla hujawasha, tazama nyuma ya karavani, chini ya kitanda. Yapo magunia mawili ya nazi. Nilikupakilia mimi jana, ulipokuwa umelala. Yashushe, mama. Sitaudhika.