Robo ya sarafu ilipotuweka nyumba moja

Wakuu, nawasalimu kutoka Msambweni. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijatia chumvi.

Siku hiyo barazani kwa Memsabu, Diani, tulikuwa wanne: Memsabu mwenyewe (mzungu mjane); Ami Bakari (mdogo wa marehemu baba); mdogo wangu wa mwisho Mwanaisha, amelala mkekani; na mimi, Fatuma.

Uhuru ulikuwa bado mpya. Wazazi walishafariki. Mimi ndiye mkubwa, nikaacha shule darasa la nne, nikawa nafua nguo kwa Memsabu.

Naye alikuwa anarudi kwao. Mumewe alimwachia mkebe wa biskuti umejaa sarafu za fedha za Uingereza ya kale, nyembamba, ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Zilichanganyika, na macho yake yalishafifia. Akanifundisha kuzichambua.

Nilizimwaga kwenye ungo kama mchele.

Unaanza na upande wa nyuma. Msalaba uliochorwa hapo ukiishia kabla ya maandishi, hiyo ni ya zamani zaidi. Ukifika ukingoni, ni ya baadaye. Waliurefusha ili mwizi akikata fedha pembeni ajulikane. Halafu unasoma herufi: jina la fundi aliyeipiga, na mji wake. (Uso wa mfalme usikupotezee muda, karibu zote zinafanana.)

Nyingine zilikatwa nusu, nyingine robo.

Ami akaingia. Nilijua kilichomleta. Jamaa walishapatana kutugawa: wadogo zangu, Rama aende Shimoni, Juma Kibuyuni, Mwanaisha Kinondo; mimi nitafutiwe mume.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mfungie nguo zake huyu mtoto."

Kisha akauona ungo. "Hizi pesa mbona zimevunjika?"

"Zilikatwa, ami. Hawakuwa na chenji."

Akacheka. "Kumbe hata wazungu walikosa chenji! Na kututawala wakatutawala!"

Memsabu, aliyekijua Kiswahili, akacheka pia.

Ami akaokota robo moja. "Hii ya mji gani?"

"Haijulikani. Ina herufi tatu tu. Jina la mji limebaki kwenye vipande vingine."

"Viko wapi?"

"Nimevitafuta wiki nzima, ami. Havimo."

Akaigeuzageuza. Akamtazama Mwanaisha.

"Usizifunge tena nguo zake," akasema. "Nitasema na wenzangu. Lakini Fatuma, nikizeeka, nami msinigawe."

"Hatutakugawa, ami."

Tukakua nyumba moja. Kila Ijumaa ami alituletea muhogo, siku nyingine na samaki.

Leo ami ni mzee sana. Wanawe, watoto wema lakini wamechoka, wamempangia zamu: mwezi Ukunda, mwezi Shimoni, mwezi Mombasa. Mkoba wake haufunguliwi kamwe.

Nilichojifunza: robo ni fedha vilevile, ila haina kwao.

Wanawe wanasema si juu yangu kumchukua akae kwangu. Aliyewahi kuomba apewe mzee wa wengine amtunze, akapewa, anieleze alianzaje.

Chumba chake nimeshakipaka chokaa. Ami bado yuko Ukunda.