Kuku Aliyekuwa Mkalimani Wetu Njia ya Kamina

Kuna safari moja niliendesha gari siku mbili nikiongea na kuku.

Si kwamba nilikuwa nimelewa. Pombe siigusi nikiwa na usukani mkononi. Na si kwamba nilikuwa peke yangu, maana kwenye kiti cha nyuma alikaa mama mkwe wangu, mtu mzima, mwenye akili zake zote na masikio yanayosikia mpaka nyumba ya tatu.

Lakini niliongea na kuku, na kuku ndiye aliyetuweka wote pabaya. Ngoja niwaeleze, mnicheke vizuri.

Jina langu ni Michée. Naishi Likasi, na kazi yangu ni udereva. Mtaani wananiita Chauffeur, hata watoto wadogo. Nikipita wanasema, "Yambo, Chauffeur," na mimi natembea kifua mbele kama mtu anayetoka Kasumbalesa, kule mpakani, kila wiki.

Ukweli wenyewe, naendesha lori la kubebea mawe ndani ya machimbo, upande wa Kakontwe. Natoka shimoni, napanda, namwaga kwenye mashine ya kusagia, nashuka tena. Hapo ndipo safari yangu inapoishia. Tangu nipate leseni, nilikuwa sijawahi kuvuka lango la kazini na gari. Lakini watu wakishakuita Chauffeur, wewe utawakatalia kwa nini?

Basi, asubuhi hiyo kabla jua halijachomoza, simu ikalia. Ni mke wangu Fidélie, kutoka Kamina.

Alikwenda kule kwa msiba wa baba yake mdogo, tumbo likiwa kubwa, mimba yetu ya kwanza. Madaktari wa kule wakamkataza kurudi, wakasema njia ile itamtikisa mtoto. Akabaki hospitali, na mdogo wake Jenny ndiye aliyekuwa akimtunza.

"Michée," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Docteur anasema banipasule. Minye siingie mule ndani kama mama haiko hapa. Leta mama."

"Fidélie, kama docteur anasema…"

"Nilisema siingie! Leta mama. Na weye pia ukuye naye."

Kisha akalia. Fidélie si mtu wa kulia. Hapo nikaogopa, nikaogopa kweli, nikaona kama sakafu inanikimbia. Treni ya wiki ile ilikuwa imeshapita. Nikakimbia kwa rafiki yangu Kazadi, ambaye ana Prado, nikampigia magoti.

"Weye unajua ile njila ya Kamina?" Kazadi akauliza.

"Kazadi. Minye niko chauffeur."

Akanipa ufunguo. Ila aliniapisha kwa jina la mama yake kwamba nitarudisha viti vikiwa safi kama nilivyovikuta.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo hamtaelewa kitu.

Kwetu sisi, mwanamume haongei na mama mkwe wake. Hamtazami usoni. Hali mbele yake. Hampi mkono. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo inakaa hapo mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Mtoto akishatokea, mnafunguliwa midomo, mnaongea kama watu. Kabla ya hapo mkitaka kuambiana kitu, mnapitia kwa mtu wa tatu. Kwetu mtu huyo alikuwa Jenny, na Jenny ndiye huyo aliyekuwa Kamina.

Mama mkwe wangu, Mama Hélène, akatoka nyumbani kwake na kitenge kichwani, mfuko mmoja, na kuku wa kumpikia binti yake supu. Akaingia nyuma. Mimi nikakaa mbele. Nikapandisha kioo cha ndani kitazame juu, nisije nikakutana na macho yake kwa bahati mbaya. Kwa hiyo nilitoka Likasi nikiwa naona dari ya gari vizuri sana, na nyuma sioni kitu.

Tukakaa kimya. Gari linanguruma. Tutaambianaje?

Mama Hélène ndiye aliyepata dawa. Nikamsikia akikohoa, halafu:

"Weye kuku. Ambia ule muntu mwenye kushika volant, aende polepole. Nataka kufika ku Kamina na mifupa yangu yote."

Kwetu inakubalika. Mtu asipokuwepo, unasema na chochote chenye pumzi. Mbuzi, mbwa, hata kuku.

Nikashusha pumzi. "Kuku," nikasema, "ambia mama asiogope. Gari iko mu mikono ya muntu mwenye anajua."

Kuku akasema kwe-kwe. Safari ikaanza.

Tatizo la kwanza lilikuwa haja ndogo. Mkwe hawezi kusema naomba kusimama nikojoe. Nikabuni njia. Nikawa nasimama, nashuka, napiga teke tairi moja, napotelea kwenye nyasi, naye akitaka ashuke upande wake. Baada ya muda, tena. Nilikagua tairi za Kazadi siku ile kuliko fundi yeyote wa Likasi.

Tatizo la pili lilikuwa njaa. Nilikuwa nimeficha viazi vitamu vya kuchemsha kwenye mfuko wa koti. Nikasimamisha gari, nikafungua boneti kana kwamba injini ina shida, nikainama ndani, nikala. Boneti ikawa mlango wa jiko langu.

Mara ya pili ya boneti, nikasikia nyuma:

"Weye kuku, ile moteur iko na njaa kabisa. Kila fasi inasimama inakula."

Nikafuta mdomo, nikafunga boneti, nikaendesha nikiwa na aibu mpaka masikioni.

Halafu kuku akafanya alichofanya.

Sitaki kueleza sana. Kiti cha Kazadi kilikuwa cha kitambaa cheupe. Nikaona uso wa Kazadi mbele yangu, nikaona kile kiapo. Nikashuka, nikamkamata kuku, nikampeleka kwenye buti, nikamfunga miguu juu ya gurudumu la akiba. Nikasugua kiti kwa maji ya kunywa. Mama Hélène akafungua mdomo, akaufunga. Mimi nikaona amekubali.

Nikazima na simu. Dereva wa kweli, nikajiambia, hapokei simu akiwa njiani. Na nilitaka mama mkwe aone.

Tukafika Nguba.

Wanaojua ile njia wanajua kuwa Nguba ndipo barabara inapogawanyika. Lami inaendelea vizuri upande wa Kolwezi. Njia ya Kamina inaacha lami, inaingia vumbi, inakwenda Lubudi na Luena. Hakuna mtu wa Likasi asiyejua hilo, isipokuwa mmoja aliyekuwa ameshika usukani.

Mimi niliona lami. Nikasema moyoni, njia kubwa ndiyo njia. Nikanyoosha.

Mama Hélène akakohoa. Nikadhani ni vumbi, nikampandishia kioo cha dirisha.

Akakohoa tena, kwa nguvu. Akagonga mgongo wa kiti changu mara kadhaa. Nikajua anasali rozari yake. Kisha akaanza kuimba wimbo wa kanisani, sauti juu, mpaka vioo vikawa vinalia. Nikafurahi kabisa. Nikaona safari inampendeza, na mimi nikaanza kumsaidia kwa mluzi.

Ee Mungu, nilimsaidia kwa mluzi.

Lami ile ilinipa kichwa kikubwa. Niliyapita malori ya shaba, mkono mmoja nje ya dirisha. Kwa mara ya kwanza maishani nilijiona chauffeur hasa. Kule machimboni lori langu linakwenda mwendo wa mtu aliyeshiba, na hapa nilikuwa napaa.

Kisha likatokea bango, limeandikwa KOLWEZI.

Nikalisoma. Nikalisoma tena polepole, labda kuna Kolwezi nyingine upande wa Kamina. Mbele nikaona nyumba, pikipiki, foleni ya malori. Nikaegesha pembeni. Jasho lilinitoka likaloanisha shati lote.

Nikashuka, nikafungua buti, nikamtoa kuku. Alikuwa mzima, ila ananitazama vibaya. Nikamrudisha kwenye kiti, kiti kichafuke kama kinataka, tutajuana na Kazadi.

Mama Hélène akamchukua mapajani, akamnyoosha manyoya taratibu.

"Kuku, uko muzima? Muzuri. Ulizia ule muntu: Kamina, banaihamishia huku siku gani?"

"Kuku," nikasema, "ambia mama kama nilikosea kidogo."

"Ku Nguba niliona," akasema. Aliongea na kuku, lakini sauti ilinichoma mimi shingoni. "Niliona na macho yangu tunakosa njila. Lakini weye ulikuwa mu coffre. Sasa ningesema na nani?"

Mimi ndiye niliyemfungia mkalimani wetu pamoja na gurudumu.

Alipoongea tena hakuwa na mzaha.

"Ambia ye, mutoto yangu ananingojea."

Nikageuza gari. Simu sikuiwasha. Niwaambie kwa nini? Kwa sababu Fidélie angeuliza tumefika wapi, na mimi ningelazimika kujibu Kolwezi. Nilikuwa mwoga kiasi hicho.

Tukarudi njia ile ile yote mpaka Nguba, tukaingia vumbi. Rafiki zangu, ile si barabara. Ni mashimo yaliyopangwa mstari mmoja. Lakini mashimo ndiyo kazi yangu, na hapo walau mikono yangu ilijua la kufanya. Sikupiga mluzi. Sikufungua boneti tena, sikutia kitu mdomoni. Nilikuwa naona kitanda cha hospitali tu, na daktari akitazama saa, na Fidélie akisema hapana, mama hajafika. Nikawa najisemea, akifa, ni mimi na lami yangu. Machozi yalinitoka nikajifanya ni vumbi.

Giza likatukamata Luena. Mama Hélène akalala kwa masista, mimi nikalala juu ya usukani. Asubuhi tukaendelea. Mtandao haukuwapo kabisa, hata ningetaka.

Tukaingia Kamina mchana wa siku ya pili, gari jekundu kwa vumbi, sisi wekundu, kuku mwekundu.

Jenny alikuwa kwenye lango la hospitali. Alipotuona akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mulikuwa wapi?" akapiga kelele. "Tangu jana tunaita ku simu! Tangu jana!"

Nikakaa chini pale pale langoni, kwenye mchanga. Nikasema, "Jenny, usiniambie. Tafazali, usiniambie."

"Nisikuambie nini? Mutoto alizaliwa!"

"Banamupasua?"

"Hata! Hakungojea docteur. Alitoka ye mwenyewe, jana asubuhi, ku saa tatu. Mwanaume. Fidélie iko muzima, iko anakula, anauliza tu bwana yake iko wapi."

Jana asubuhi.

Nikapiga hesabu nikiwa nimekaa mchangani. Jana asubuhi saa tatu, sisi tulikuwa hata hatujafika Nguba. Nilikuwa bado nasugua kiti, ndipo nikazima simu. Mtoto alishazaliwa, midomo yetu ilishafunguliwa, na tukazunguka mpaka Kolwezi na kurudi tukiwa na ruhusa kamili ya kuongea.

Simu moja tu ningeiwasha. Mama Hélène angesema neno moja tu, "Kulia," na mimi ningepinda kulia.

Nikasikia nyayo zake zinakuja, zikasimama mbele yangu. Nikainamisha kichwa kama nilivyozoea. Sasa atanimaliza, nikajua, na ana haki.

"Angalia minye," akasema.

Hakuna kuku aliyetajwa. Nikainua macho. Miaka mitatu nimemwoa binti yake, na ilikuwa mara ya kwanza naona uso wa mama mkwe wangu vizuri. Ana pua ya Fidélie. Alikuwa analia, vumbi limemchora mistari mashavuni.

"Mutoto yangu," akaniambia. "Tangu jana ku Kolwezi, weye ulikula?"

Nililia kama mtoto mbele ya wagonjwa, walinzi na wauza maji.

Tukaenda kumwona Fidélie. Nikambeba mwanangu, nikamtazama, sijui hata niliongea nini. Kisha Jenny akaleta bukari, ugali wetu, na samaki, na Mama Hélène akaniweka kitini mbele yake, akanisukumia sahani. "Kula. Sasa inaruhusiwa."

Nikala mbele ya mama mkwe. Na tonge la kwanza likiwa bado mdomoni, akavuta kiti karibu.

"Sasa, Michée. Tuanze pa Likasi. Ule miroir, ulikuwa unaangalia nini ku plafond?"

Alikuwa na miaka mitatu ya maneno, na siku mbili za barabara juu yake. Kioo, tairi, viazi vitamu vyangu alivyovisikia harufu tangu wapi, mluzi. Fidélie alicheka mpaka nesi akaja kumkataza. Bukari ikaisha na sisi tulikuwa bado hatujafika Nguba.

Ndugu zangu mnaosoma, heshima ya wakwe haikuniharibia safari, msije mkasema ni mila. Mila ilikuwa imetupa hata kuku. Kilichotupoteza ni mimi kutaka kuonekana najua njia ambayo sikuwahi kuipita. Ukifika njia panda na hujui, simama uulize, hata kama mtaa mzima unakuita Chauffeur. Pale Nguba kuna mama anauza makaa kando ya barabara, na angenionyesha Kamina kwa kidole tu.

Kazadi bado anaosha kile kiti.